Kilichofichwa Ndani ya Mkeka

Magari matatu yalikuwa yameshaingia barabara kuu iendayo uwanja wa ndege, na katika gari la mbele Mchungaji Taufa alikuwa bado hajafika kwenye amina. Alianza kuomba wakati mizigo inapakiwa, akaendelea gari likitoka uani kinyumenyume, na sasa walikuwa wanayapita maghala ya magharibi mwa Sydney naye anamkabidhi Mungu rubani, msaidizi wa rubani na matairi ya ndege. Dereva aliendesha amefumba jicho moja kwa heshima.

Kiti cha nyuma alikaa Kalolaine, mkeka wa msiba umefungwa kiunoni juu ya gauni jeusi, mkoba mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mzito, magoti mabovu, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minne. Ijumaa iliyopita mdogo wake Lisiate alianguka shambani kwake huko Tonga, katikati ya matuta ya viazi vikuu, na hakuinuka tena. Angezikwa Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne, na baada ya ndege ya leo hakukuwa na nyingine mpaka Jumamosi.

Kando yake alikaa Moala, mwana pekee wa kiume wa marehemu, mtu wa miaka thelathini na minne, fundi wa zege, mabega kama mlango wa stoo. Aliishi kwa shangazi yake, na alikuwa hajatia mguu nyumbani Tonga kwa miaka tisa. Kila Jumapili baba yake alimpigia simu na kumuuliza, "Lini?" na kila Jumapili yeye alijibu, "Mwaka ujao, baba." Tangu Ijumaa alikuwa hajasema maneno ishirini.

"Amina," mchungaji akasema hatimaye.

"Amina," wakaitikia wote, na dereva akafumbua jicho.

Nyuma kabisa, juu ya makatoni ya nyama ya kopo, ulilala mzigo mmoja mrefu uliozungushiwa kitambaa cheusi na kushonwa kwa uzi mnene. Huo ulikuwa mkeka wa bibi yao, mwembamba na laini kama shuka lililofuliwa miaka mingi, wa kutandikwa juu ya jeneza la Lisiate. Kalolaine aliukunja na kuushona mwenyewe Jumapili alasiri, mlango umefungwa. Hakuna aliyeona ajabu. Kwa Watonga, mwanamume akifa, mkubwa wa msiba si mwanawe wala si mjane wake, ni dada yake mkubwa. Yeye ndiye anayekaa kichwani pa maiti. Watoto wa marehemu mbele yake ni watu wa chini, hawali sahani moja naye, hawalali kitandani kwake, hawafungui kitu chake. Siku ya kuzika hukatwa nywele zao, na mkasi hushika yeye. Kwa hiyo shangazi akishona mzigo wake mlango umefungwa, hata paka wa nyumba hupita mbali.

Na ndani ya mkeka ule, katikati kabisa ya mikunjo, Kalolaine alikuwa ameweka sigara yake ya umeme na betri mbili za akiba.

Alivuta tumbaku miaka thelathini, nyuma ya chumba cha kufulia cha hoteli anakofanya kazi, kati ya mapipa ya sabuni, na hakuna mtu wa kanisani aliyejua. Kifua kilipoanza kupiga filimbi daktari alimwandikia karatasi, akaenda duka la dawa, akapewa kile kijiti chenye harufu ya mnanaa. Mfamasia, kijana wa Kivietinamu mwenye subira, alimweleza kila kitu kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Ukisafiri kwa ndege, mama, hiki unakaa nacho. Mkobani au mfukoni. Na betri za akiba hivyohivyo, kila moja kwenye kijifuko chake. Kisiende tumboni mwa ndege pamoja na masanduku, maana betri ikishika moto huko chini hakuna wa kuizima. Na ukiwa angani usikivute, hata chooni, na usikichaji. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na alielewa. Tusimwonee huruma kwa kumfanya mjinga. Alielewa kila neno. Lakini mfamasia hakujua mkoba wa Kalolaine ni mkoba wa namna gani. Ulikuwa wa ukoo mzima. Watoto wa binamu walichimba humo pipi, mke wa mchungaji alitoa humo leso, kila aliyetaka miwani ya kusomea alijua pa kuipata. Tena penye ukaguzi wa uwanja wa ndege kila kitu hutandazwa kwenye sinia la plastiki, uchi, na jamaa wamesimama nyuma wanangoja zamu. Na mwezi wa nne, katika kikao cha wanawake, Kalolaine huyuhuyu alisimama akamvua Telesia uongozi wa kwaya kwa sababu alionekana akivuta sigara kwenye maegesho ya magari. "Kinywa hakiwezi kumwimbia Mungu na kumfukizia shetani," alisema siku ile, na wanawake waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari yao.

Angeweza kukiacha nyumbani. Alijaribu. Jumamosi alikaa mbali nacho kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, mikono ikaanza kumtetemeka hata akamwaga chai. Siku kumi za msiba bila kile kijiti aliziona kama mlima. Akatafuta mahali ambapo hakuna mkono wa mtu utakaofika, na katika maisha yake palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo.

Kwenye kaunta ya mizigo palikuwa na foleni ya watu wa kwao, makatoni na mapipa ya plastiki, na kwaya nusu ikiimba chinichini. Dada wa kaunta alikuwa Mhindi wa Fiji, beji yake imeandikwa Shobna, na alionekana amewazoea.

"Mama, makatoni yamemaliza kilo zako," akamwambia Kalolaine. "Huu mrefu nauandika kwa jina la nani?"

"Andika langu," Moala akasema. "Mimi nina begi dogo tu."

"Haya, Moala Vehikite." Akabandika karatasi yenye mistari kwenye kitambaa cheusi. "Mlifunga wenyewe?"

"Shangazi yangu alifunga."

"Ndani hamna betri za akiba, pawabenki, sigara za umeme? Hivyo chini haviendi. Kama vipo vitoeni sasa hivi mvitie kwenye begi la mkononi. Sasa hivi hakuna ugomvi."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Moala akacheka. "Dada, huo ni mkeka wa kumzikia baba yangu. Ukikuta sigara humo, nitaitafuna mbele yako."

Watu wakacheka. Mke wa mchungaji akasema, "Mama huyu hata kahawa anaiombea toba."

"Nauliza kila mtu," Shobna akasema, lakini naye alitabasamu. Akamgeukia Kalolaine. "Na wewe, mama? Hamna?"

Lilikuwa swali jepesi. Mkono mmoja kwenye uzi, mishono mitano kufumuliwa, kijiti kutoka na kuingia mkobani. Kalolaine akamwona mchungaji na Biblia yake kwapani. Akamwona Telesia, aliyekuja kumsindikiza licha ya yote, amebeba ua la karatasi.

"Hamna," akasema.

Mkanda ukauchukua mzigo, ukapita chini ya vipande vya mpira, ukapotea.

Walipokwisha kukaguliwa, wakakaa wawili tu mbele ya geti, kwenye viti vya chuma. Moala alimletea maji na mkate wa nyama, akaviweka kiti cha pembeni ili asimpe mkononi moja kwa moja.

"Shangazi."

"Nini?"

"Ukifika wakati wa nywele, usinikate kama kondoo. Nitarudi kazini na kofia ngumu, itanicheza kichwani."

"Nitakukata kama ninavyotaka mimi."

"Najua. Naomba tu." Akausogeza mkate karibu naye. "Nataka nimshike miguu kabla hawajafunga. Baba. Nilimwambia mwaka ujao mara ngapi, shangazi? Nimejaribu kuhesabu."

"Usihesabu," Kalolaine akasema. "Utamwona. Kesho jioni utamwona."

Watu walikuwa wameanza kupanda ndipo kipaza sauti kikaita jina la Moala Vehikite. Mara ya kwanza kikalikosea, mara ya pili kikalipatia.

Mezani penye geti alisimama mwanamume mwenye kizibao cha manjano, mvi kidogo, simu ya kazi shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefanya jambo hilohilo mara nne tangu asubuhi.

"Bwana Vehikite, mzigo mrefu wenye kitambaa cheusi ni wako?"

"Ndiyo."

"Mashine imeona kitu." Akawaonyesha picha. Mikunjo ya mkeka ilionekana kama mistari ya maji, moja juu ya nyingine, na katikati yake kitu cheusi kilichonyooka, na kando yake vipande viwili vidogo. "Kifaa na betri mbili za akiba. Hauwezi kupakiwa hivyo. Rahisi ni hivi: weka saini hapa, vijana wangu chini wafungue, wakitoe, mzigo uende na nyinyi mwende. Dakika tano."

"Wafungue vipi?" Moala akauliza.

"Umeshonwa. Watakata kwa kisu."

"Hakuna atakayetia kisu pale," Kalolaine akasema. Sauti ilimtoka kabla hajaiita. "Mkeka ule unafunguliwa na watu wetu tu. Una miaka mingi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

"Sawa, mama. Basi ubaki, uje na ndege ya Jumamosi."

"Mazishi ni Alhamisi," Moala akasema.

"Pole sana. Basi mwenye kifaa ashuke na mimi, aufungue mwenyewe kwa mikono yake, akitoe. Lakini sitawadanganya. Mlango unafungwa dakika kumi na tano zijazo. Kushuka, kufungua, kukagua tena, kurudi kupitia ukaguzi." Akatikisa kichwa. "Anaweza kuwahi. Sijaona aliyewahi. Ni cha nani?"

Hapo ndipo Moala alipomtazama shangazi yake. Hakumtazama kwa shaka. Alikuwa anangoja tu aulize. Mtu yeyote angeuliza: kifaa gani? Kitu gani hicho kilichomo kwenye mkeka wangu nilioushona mwenyewe? Hata mwizi angeuliza, ili aonekane hajui. Kalolaine hakuuliza. Alikuwa anatazama mkate wa nyama aliouacha kitini.

Moala akashusha pumzi.

"Ni changu," akasema.

"Wewe ndiye uliyekitia?"

"Mimi. Nilisahau."

"Uliulizwa pale kaunta."

"Niliulizwa. Nikasahau."

Mtu wa kizibao aliwatazama wote wawili, akakwaruza shavu, akaamua kwamba hakulipwa kwa kazi hiyo. "Twende basi. Haraka."

"Moala," Kalolaine akasema kwa lugha yao.

"Panda, shangazi. Magoti yako hayawezi mbio."

"Utawahi?"

"Nitakimbia."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi wake kama punje ya pilipili, dogo, ni la kutema tu: ni changu. Angelitema, angeshuka yeye na mtu wa kizibao, Moala angepanda ndege, na kesho angeishika miguu ya baba yake. Lakini kichwani pa Lisiate angekaa nani? Angekaa Siutaka, mdogo wao wa kike wa mwisho, ambaye siku zote alikuwa na ulimi mrefu, na watu wangemuuliza Siutaka dada yako yuko wapi, naye angejibu na kuongeza chumvi. Mtoto ana dada yake huko, Kalolaine akajiambia. Pisila yupo. Mtoto anaweza kuwakilishwa. Mimi nani ataniwakilisha? Akajiambia hayo kwa mpangilio mzuri kabisa, kama anayesoma taarifa kanisani, na alipomaliza mgongo wa Moala ulikuwa umeshapotea mlangoni.

Akapanda.

Kiti cha dirishani kilibaki kitupu. Mhudumu alikuja kuuliza habari za mwenzake, na mara ya pili hakuuliza, aliutoa mkanda uliokuwa umeangukia upande wa Kalolaine akaufunga juu ya kiti kitupu. Ndege ikaanza kurudi nyuma. Kipaza sauti kikasema kwamba sigara za aina zote, na za umeme zikiwemo, haziruhusiwi ndani ya ndege wala vyooni, na kwamba atakayekuwa na betri iliyopata moto amwite mhudumu upesi. Mzee mmoja wa Kitonga aliyekuwa upande wa pili akamwinamia Kalolaine.

"Siku hizi watu wanavuta waya, mama. Umeona dunia?"

"Nimeona," akasema.

Kwa saa nne na nusu hakula wala kulala. Mikono ilikuwa inakitaka kile kijiti, naye akaona aibu kukitaka hata saa ile. Ndege ilipogusa ardhi simu yake ikapata mtandao, na ujumbe wa Moala ukaingia:

*Nimefumua kwa meno, kisu hakikugusa. Mkeka mzima. Wamekitupa. Ndege iliondoka mbele ya macho yangu, nilikuwa penye kioo. Nakuja Jumamosi nao. Usiseme kitu, shangazi.*

Aliusoma mara tatu. Usiseme kitu. Aliona ni ruhusa, na labda ilikuwa ruhusa. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na alichofanya yeye dakika ishirini baadaye ni kitu kingine.

Nje jamaa walikuwa wamejaa, wamevaa nyeusi tupu, mikeka mikuukuu imewafika mpaka vifuani kama desturi ya watu wa chini wa msiba. Siutaka alikuwa mbele. Alimkumbatia dada yake, akalia kidogo inavyotakiwa, kisha akachungulia nyuma ya bega lake.

"Moala yuko wapi?"

"Amebaki."

"Amebakije? Na mkeka?"

Angeweza kusema mizigo imechelewa. Mizigo huchelewa kila siku, hakuna ambaye angeuliza zaidi. Lakini Siutaka alikuwa ameshakunja midomo ile anayoikunja akinusa jambo, na Kalolaine akaona macho yote yanamgeukia yeye, yeye aliyekuja mikono mitupu kwenye msiba wake mwenyewe.

"Alificha sigara ndani ya mkeka," akasema. "Ile ya umeme. Wamemshusha."

Siutaka akayaachia mabega ya dada yake.

"Ndani ya mkeka wa baba yake?" mtu akauliza.

"Ndani."

"Moala havuti," akasema Pisila. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, macho yamevimba.

"Sasa anavuta," Kalolaine akamjibu. Na hilo lilitoka kwa urahisi kuliko yote.

Alhamisi akakaa kichwani pa Lisiate. Kila kitu kilifanywa sawasawa. Watu waliingia wamepiga magoti, wakaleta nguo za gome la mti na mikeka, wakaviweka mbele yake, naye akavipokea kwa kuinamisha kichwa. Juu ya jeneza ulitandikwa mkeka wa Siutaka, mpya, mgumu bado, unaonuka jua. Siutaka aliutandika mwenyewe, akimtazama dada yake huku anaunyoosha pembe, kona hii, kisha kona ile, bila haraka.

Habari za Moala zilikuwa zimeshazunguka kijiji. Wazee kwenye bakuli la kava, kile kinywaji chao cha mizizi, walizisema, wanawake penye mashimo ya kuchomea chakula walizisema. Mtoto amekaa ng'ambo miaka tisa, baba akimwita haji, na siku ya kuja anakuja na moshi ndani ya sanda. Kila aliyesimulia aliongeza kidogo. Jioni ya Jumatano ilikuwa sigara moja. Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa katoni.

Wakati wa nywele, Pisila alikuja akakaa chini mbele ya shangazi yake na kumpa mgongo. Zilikuwa nywele ndefu, nyeusi, za kufika kiunoni. Kalolaine akashika mkasi. Pisila akasema polepole, bila kugeuka, ili wengine wasisikie.

"Shangazi. Kaka yangu ana pumu."

Mkasi ulikata.

"Alikuwa anazimia akikaa karibu na moto wa kuni. Baba alitusimulia: wewe ndiye uliyempeleka hospitali akiwa na miaka saba, ulipokuja likizo. Wewe mwenyewe, ulimbeba mgongoni."

"Inamisha kichwa," Kalolaine akasema.

Pisila akainamisha. Nywele zikaanguka, na shangazi akaendelea kukata mpaka zikaisha.

Jumamosi mchana Moala akafika na mkeka begani. Alipita moja kwa moja kaburini. Mchanga ulikuwa bado mpya, maua ya plastiki hayajapauka. Akakaa hapo mpaka jua likageuka, hakuna aliyemfuata isipokuwa Pisila, na hakuna aliyesikia walichozungumza.

Wazee walikuwa wameshakubaliana. Kosa lililofanywa juu ya mkeka wa marehemu ni kosa dhidi ya mkubwa wa msiba, na njia yake ni moja: mkosaji huvaa mkeka uliochanika, huja na kukaa chini kwenye udongo mbele ya yule aliyekosewa, ukoo wote ukitazama, na hukaa hapo ameinama mpaka asamehewe au afukuzwe. Wakamwambia. Wengine walidhani atakataa, kwa kuwa watu wa ng'ambo hujifanya wamesahau. Hakukataa.

Akaja Jumapili baada ya ibada, mkeka wa mashimo umemfika kwapani, nywele zake ndefu bado kichwani, kwa maana wakati wake wa kukatwa ulishapita. Akakaa mavumbini. Kalolaine alikuwa barazani juu ya kiti, Siutaka mkono wa kuume, wazee mkono wa kushoto, kijiji kizima uani.

"Nimekuja kuomba radhi kwa shangazi yangu," Moala akasema akiwa ametazama chini, "kwa kitu kilichokutwa kwenye mkeka."

Alichagua maneno yake. Hakusema nilichokitia. Wazee hawakuona tofauti. Kalolaine aliiona.

Mzee mmoja akauliza, "Unakubali ulimvunjia heshima baba yako?"

"Sikuja kumzika," akasema Moala. "Hilo nalikubali."

Wote wakamgeukia Kalolaine. Sasa hapakuwa na ndege ya kuwahi. Lisiate alikuwa ameshazikwa, kiti kimeshakaliwa, nywele zimeshakatwa. Hakuna mtu angemnyang'anya chochote ila jina. Moala aliinua macho kidogo, mara moja, akamtazama. Hakuwa anamwomba kitu. Alikuwa anataka tu kuona atafanyaje, jinsi mtu anavyotazama ukuta alioujenga mwenyewe, kama utasimama.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wapo ambao kifo hakiwaumbui. Kinawafunika, na wanaoumbuliwa ni wengine.

"Nimekusamehe," Kalolaine akasema.

Wazee wakashukuru. Mwanamke mmoja akaangua kilio kwa uzuri wa jambo lenyewe. Desturi inataka msamehevu ashuke, amwinue mkosaji kwa mkono wake na kumbusu, na Kalolaine alishuka vidato vitatu vya baraza kwa magoti yake mabovu. Alipofika chini na kunyoosha mkono, Moala alikuwa ameshainuka mwenyewe. Akajifungua ule mkeka uliochanika, akaukunja vizuri mara nne, akamwekea miguuni, akaondoka.

Moala alirudi Australia na ndege iliyofuata. Hakurudi kwenye nyumba ya shangazi yake. Alituma rafiki kuchukua nguo zake. Alihamia mji wa Griffith, akafanya kazi kwenye mashamba ya machungwa kwanza, kisha akarudi kwenye zege. Ameoa mwanamke wa huko, ana binti wawili. Kanisani haendi.

Mkeka wa bibi ulikabidhiwa kwa Siutaka. Siutaka alikufa kwa sukari miaka miwili baadaye, ukatandikwa juu yake. Kalolaine alikwenda kwenye mazishi hayo na kukaa kichwani.

Telesia alihamia kanisa lingine. Mchungaji Taufa alipelekwa Auckland. Shobna haonekani tena pale kaunta, na walioulizwa hawajui alikokwenda.

Kalolaine bado anafua nguo za hoteli na bado ni mzee wa kanisa. Wiki ileile aliyorudi kutoka msibani alikwenda kwa mfamasia akachukua kijiti kingine. Kifua hakijapona.

Pisila anaishi kwenye nyumba ya baba yake na analima matuta yake mwenyewe. Simu za kaka yake anazipokea kila Jumapili. Za shangazi yake hapokei.